Msiizime, Inaandika

Jumatatu, 1 Septemba 1997

Sisaini. Naanza na neno hilo ili kesho nikiamka na moyo mwepesi nilikute hapa.

Mashine kubwa, kompyuta ya ofisi, ilianguka tena, yaani iligoma ghafla, Jumamosi mchana, shifti ya Mzee Nathanaeli. Leo asubuhi kafika getini, mlinzi kamkabidhi barua: asimame kazi mpaka uchunguzi ukamilike. Mtu amekuwa opereta wa kompyuta hapa Mradi wa Visima tangu enzi za kadi za matundu, na barua anapewa getini kama muuza karanga.

Saa nne Meneja akaniita. Bwana Bartolomayo si mtu wa kelele. Ubaya wake uko kwenye karatasi. Kanisogezea moja iliyokwisha kupigwa chapa: mimi Khairat, msimamizi wa chumba cha kompyuta, nathibitisha kuwa mashine imeharibika kwa uzembe wa opereta. Nikauliza ushahidi uko wapi. Akasema shifti ya asubuhi kwa Ritha haianguki, inaanguka mchana kwa Nathanaeli tu, sasa nataka ushahidi gani tena.

Nataka ushahidi wenye ushahidi ndani yake!

Najua kinachomsukuma. Tunabinafsishwa. Mwakani vipimo vya maji vya visima vyote, kuanzia Mkonze hapa hadi Mlali kule Kongwa, vitashikwa na kampuni ya Dar, kwa ile mashine yao ndogo waliyokuja kuiweka Julai kwenye kona ya chumba changu. Kabla ya makabidhiano Meneja anatakiwa aeleze kwa nini mashine ya serikali inakufa kila mara. Mtu mmoja akibeba lawama, maelezo yameisha. Opereta aliyepunguzwa anaondoka na heshima yake. Aliyefukuzwa kwa uzembe anaondoka na jina hilo hilo mpaka kaburini.

Nimepewa mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Kasema pia, kwa upole kabisa, kwamba orodha ya wa kupunguzwa bado haijafungwa. Nikamwambia aiache wazi basi, jina langu anajua linavyoandikwa.

Jumanne, 2 Septemba

Nimeshinda kwenye diski ya mashine kubwa.

Mashine za aina ile hazianguki tu kimya kimya. Zikizidiwa, kabla ya kukata roho, zinamwaga kwenye diski kila kilichokuwa kichwani mwao: ni programu gani ilikuwa inafanya kazi, ilikuwa wapi, imeshika namba gani. Chuoni tuliita dampu. Ukiwa nayo huhitaji kumtuhumu mtu. Unasoma.

Nafasi ya dampu ni tupu. Miezi hii ya karibuni mashine imeanguka mara kibao, na hakuna dampu hata moja. Haiingii akilini.

Jumatano, 3 Septemba

Baada ya kazi nimekwenda Mkonze kwa Mzee Nathanaeli. Vumbi la huko mwezi huu si mchezo. Nimemkuta anarudishia udongo kwenye paa la tembe la mbuzi, kavaa shati lake la kazini, limepigwa pasi. Nikamwamkia shikamoo, akashuka, akaninawisha mikono kabla ya habari yoyote. Ugali wa uwele na mlenda. Hakuna aliyetaja ofisi mpaka sahani zikaondoka.

Nikamuuliza anaona nini kwenye skrini ikianguka.

"Maandishi mengi, mwanangu. Halafu chini yake kuna namba inapanda. Moja, mbili, tatu, pole pole. Mimi siisubiri ifike. Nazima. Si ndiyo amri iliyo pale ukutani?"

Nadhani alifikiri nimekasirika. Nilikuwa nimekasirika kweli, ila si naye. Namba inapanda! Ile namba ni mashine inaandika dampu, asilimia kwa asilimia, hadi mia. Inaandika, sisi tunaikata shingo katikati ya sentensi.

Amri ya ukutani ni ya Meneja: UKIONA HITILAFU ZIMA MARA MOJA, MASWALI BAADAYE. Aliibandika mwaka wa ule mgao mkubwa, umeme uliporudi kwa kishindo ukaunguza mashine ya fotokopi na friji la maji, moshi ukatanda mpaka kwenye mafaili. Tangu hapo jengo zima lina mkono mwepesi. Hata mama wa chai taa ikipepesa anaruka kwenye swichi. Mama yangu nyumbani Majengo ni hivyo hivyo, redio inachomolewa kabla msomaji hajamaliza jina lake. Mji mzima umefundishwa kuzima. Nathanaeli alitii tu, tena haraka kuliko wote. Sasa utii huo ndio unaitwa uzembe.

Mkewe, Mama Dorkasi, hakuuliza habari za mashine. Aliuliza kama barua inataja wizi. Nikasema haitaji. Akasema watu hawasomi barua, wanamsoma mtu anayeonekana nyumbani siku ya kazi.

Jumapili hii hawatakwenda kanisani.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimelibandua tangazo. Saa tano Meneja kalibandika tena yeye mwenyewe, kwa gundi. Saa sita nimelibandua na rangi ya ukuta kidogo.

Akaniita. Jengo likiungua je? Nikamweleza kwamba mashine ikianguka haiungui, inaandika, na maandishi hayo ndiyo yatakayosema nani mkosaji. Akanisikiliza hadi mwisho, namshukuru kwa hilo. Kisha akasema mwaka ule aliingia mwenyewe kwenye moshi kutoa mafaili, mimi nilikuwa chuo. Anaogopa kweli, nimeliona hilo. Lakini hofu yake asimlipishe Nathanaeli.

Shifti ya mchana nimeichukua mimi.

Ijumaa, 5 Septemba

Imeniangukia! Mikononi mwangu! Sijui kama kuna mtu duniani amewahi kufurahi vile mashine ikifa mbele yake.

Saa tisa mchana nilianza kazi ambayo Nathanaeli alikuwa anaianza kila siku saa hiyo hiyo: kuhamisha vipimo vya siku kutoka mashine kubwa kwenda mashine ndogo ya kampuni. Haikupita muda, mlio, skrini ikajaa maandishi, na namba ikaanza kupanda. Nikakunja mikono kifuani nikaiangalia kama mtu anayeangalia wali usiungue. Ishirini. Thelathini. Arobaini.

Ritha, shifti yake imekwisha, alikuwa anapita koridoni na vikombe. Akasikia mlio. Akaviacha vikombe sakafuni, akaingia mbio, akaangusha swichi kuu.

"Nimeiwahi, dada!"

Maskini, alikuwa anahema, ana furaha. Nilimfokea maneno ambayo siyaandiki. Akalia. Nikamtafuta baadaye nyuma ya stoo nikamwomba radhi, tukanywa soda moja kwa mirija miwili. Kasema mkono wenyewe ndio ulikwenda, yeye alikuwa bado anafikiri.

Namwamini. Lakini nimebaki na dampu nusu. Nimeinakili kwenye tepu, tepu iko kwenye mkoba wangu, mkoba uko chini ya mto.

Jumatatu, 8 Septemba

Meneja kasikia. Sasa anasema huenda ni mimi niliyemfundisha Nathanaeli vibaya, ndiyo maana inatuangukia wote wawili! Nilidhani kuanguka kwangu kungemtoa mzee kwenye lawama. Kumbe lawama ni pana, tunaenea wote. Katoa na amri: mashine kubwa iguswe kwa kuhamishia vipimo tu, si kwa michezo yangu ya dampu.

Sawa. Nikaipeleka tepu kwenye mashine ndogo. Na hapo kampuni imemleta mtaalamu wake kutoka Dar, na mtaalamu mwenyewe ni nani? Imrani. Tulikaa dawati moja chuoni. Siku hizi ana suti, na simu ya mkononi ambayo huku Dodoma haishiki chochote ila ameishikilia vile vile.

Tukafungua dampu. Namba za ajabu, anwani zisizokuwepo, maneno yamevurugika kama mtu kayamwaga kwenye gunia akatikisa. Meneja alikuwa amesimama nyuma yetu. Akauliza ni nini hiki. Imrani akasema haisomeki, ni takataka.

Takataka. Hakunitazama alipolisema.

Meneja akasema basi, Ijumaa ni Ijumaa.

Jumanne, 9 Septemba

Si takataka!

Nimekaa na kurasa za dampu nilizochapa jana toka asubuhi nimevimba kwa hasira, na hasira leo imenisaidia. Mashine hizi mbili prosesa zao, yaani ubongo wao, si za ukoo mmoja. Namba ndefu, zote mbili zinaivunja vipande vinne, ila kubwa inaweka kipande kizito mbele, na ndogo inaanza na chepesi. Dampu imeandikwa na kubwa, nikaisomea kwa ndogo, ndogo ikaisoma kwa desturi yake. Mimi nikisema saa mbili asubuhi, Mzungu anaandika nane. Saa yenyewe ni moja. Lakini akiisoma mbili yangu kwa desturi yake atakuja kunigongea mlango usiku wa manane, halafu aseme mimi ni mwongo.

Nikaandika programu fupi ya kugeuza. Ya mistari isiyojaza ukurasa. Nikaipitisha dampu.

Imesomeka. Mpaka nikafunika mdomo kwa mkono.

Mashine kubwa imelalamika kwa maneno yake kabisa: kuna aliyeitaka ichukue namba kutoka mahali pasipo pake. Ndiyo masharti yake. Kila namba ikae mwanzo wa chumba chake cha kumbukumbu, hairuhusu kuokota katikati. Mashine ndogo haijali, inaokota popote. Kwa hiyo programu iliyoandikwa na kujaribiwa kwenye ndogo inaweza kupita miaka bila tatizo. Ukiileta kwenye kubwa, siku rekodi zikikaa vizuri inapita, siku zikikaa upande inagoma na kuanguka.

Na kwenye kumbukumbu, hapo hapo jirani na lalamiko, kuna kipande kinaitwa PELEKA. Ndicho kinachohamisha vipimo saa tisa mchana. Kilikuja na kampuni mwezi Julai. Mwandishi wake kaweka herufi za jina lake mwanzoni, kama sote tulivyofundishwa chuoni.

Imrani.

Na suala la vipande kugeuka alilijua. Mtihani wa somo hilo alinipita mimi!

Jumatano, 10 Septemba

Nimemfuata kwenye hoteli ya chai karibu na stendi. Nikamwekea kurasa mezani kando ya chapati. Hakujifanya haelewi, hilo nampa. Alisoma taratibu, kidole chini ya mstari, akarudia.

Kisha akasema ni nusu. Jina la PELEKA kuwepo kwenye kumbukumbu maana yake lilikuwemo ndani, si kwamba ndilo lililokuwa linafanya kazi wakati wa kuanguka. "Na wewe jina lako liko ofisini hata siku uliyolala nyumbani." Kinachoonyesha nani alikuwa kazini kiko kwenye nusu ya pili, ile iliyokatwa.

Yuko sahihi. Nimechukia kwamba yuko sahihi.

Nikamuuliza kwa nini alisema takataka mbele ya Meneja. Akasema yuko kwenye majaribio, kampuni bado haijampa mkataba, na hii ndiyo kazi yake ya kwanza kuiandika peke yake. Wakijua, anatoka. Ana mke na mtoto mchanga Magomeni.

Nikamwambia Nathanaeli ameshatoka. Kwa ajili ya kazi yako ya kwanza.

Akasema hakukusudia. Najua hakukusudia! Aliijaribu kwenye mashine aliyokuwa nayo, ikapita, akaileta. Ningeweza kufanya hivyo hata mimi. Lakini Jumatatu alijua, na akanyamaza, na kule kunyamaza kulikuwa kwa makusudi.

Wakati wa kuondoka akasema nitafute dampu nzima. Sijui ananisaidia au ananikejeli. Akaongeza kwamba keshokutwa ndiyo mara ya mwisho kuhamisha vipimo, baada ya hapo kampuni imeshauri mashine kubwa izimwe moja kwa moja, bila kungoja mwakani. Yaani Ijumaa ikipita, shahidi anazikwa.

Alhamisi, 11 Septemba

Mama kajua. Majengo hakuna siri, shangazi wa mama wa chai anasali na mama mkwe wa nani sijui. Kanikalisha. Kasema kazi ya mshahara siku hizi ni bahati, wenzangu wanauza mitumba, mzee wa watu ana shamba na mbuzi, hatakufa njaa. Funika kombe mwanaharamu apite.

Nikamwambia nimeshafunika makombe mengi, mama, na mwanaharamu hapiti. Anakaa, anaagiza na chai.

Akacheka mpaka akashika ubavu. Halafu akaacha kucheka, akaniuliza kama ninaogopa. Naogopa. Nimemwambia ukweli. Naogopa kupunguzwa, naogopa kuwa binti msomi wa Majengo anayeuza vitumbua dirishani. Lakini nikisaini nitakuwa napita Mkonze nimeinamisha uso maisha yangu yote, na Dodoma ni ndogo, kila njia inapita Mkonze.

Leo mchana vipimo vimepita salama, mashine haikuanguka. Ndivyo inavyokuwa rekodi zikikaa vizuri. Lakini nimeshaziangalia za kesho: za Mlali zimekaa upande. Nitatanguliza Mlali.

Sitaki kuitwa mhujumu. Kwa hiyo nimekwenda kwa Meneja nikamwambia waziwazi: kesho saa tisa mashine itaanguka, katika mikono yangu, nikifanya kazi mliyoiamuru na kwa programu mliyoipokea. Njooni mwangalie. Aje na karatasi yake pia.

Akanitazama sana. Akasema atakuja.

Ijumaa, 12 Septemba

Naandika nikiwa sakafuni. Mgongo wangu umeegemea boksi la swichi kuu, chuma chake kinanichoma kwenye bega. Mwandiko utakuwa hivi hivi. Nikiacha kuandika hofu itanijaa usoni na sitaki waione.

Walikuja wote. Meneja na karatasi. Imrani na suti. Ritha mlangoni, mikono kaificha nyuma, nimemwambia aifiche. Nikatanguliza Mlali. Hata dakika haikupita, mlio, maandishi, namba ikaanza.

Meneja akasema zima.

Nikasema inaandika.

Akasema Bi Khairat, zima, hiyo ni amri. Nikaja kukaa hapa. Akasema jengo litaungua, nikamwambia anuse, kama kuna moshi nitanyanyuka mwenyewe. Alinusa! Hakuna moshi. Vumbi tu na marashi ya Imrani.

Ishirini.

Akamwita mlinzi aniondoe. Mlinzi kaja, kaniangalia, kaangalia skrini, kamwambia Meneja kwa adabu zote kwamba yeye ameajiriwa getini. Karudi getini.

Inakwenda pole pole mno. Sikujua kuwa inakwenda pole pole hivi. Thelathini na kitu. Meneja anasema mambo ya nidhamu, ya utumishi, kwamba leo leo atanipa barua yangu. Nimemwambia naisubiri hapa hapa nilipo. Sauti yangu ilitoka nyembamba lakini ilitoka.

Hamsini! Tumepita pale Ritha alipokatia. Ritha kaona, kafumba macho.

Sasa Meneja ameacha kunisemesha mimi. Amemgeukia Imrani. Anamwambia wewe ndiye mtaalamu, wewe ulisema hizi ni takataka, mwambie mwenzako ili anyanyuke tumalize hii aibu. Akikataa mnyanyue, mlisoma pamoja, wewe hatakushtaki.

Imrani anaangalia skrini. Pale juu ya namba kumetokea mstari mmoja, kwa namba za mashine: programu iliyokuwa kazini ni PELEKA. Meneja hajui kuusoma. Mimi na Imrani tunaujua.

Kavua koti. Nikashika boksi kwa mkono wa kushoto, anivunje vidole basi.

Sitini na kitu.

Kalitundika koti kwenye kiti. Kaja. Kapita magoti yangu, kakaa sakafuni upande wangu wa kulia, mgongo wake na yeye kwenye boksi la swichi. Pumzi zake nazisikia.

Meneja anamuuliza anafanya nini. Anamuuliza tena, kwa jina lake lote na la kampuni.

Imrani kafungua mdomo. "Msiizime," kasema. "Inaandika."